Rais Mpya, Hazina Tupu: Maswali Yenu Kuhusu Matumaini

Barua za mwezi huu karibu zote zinamhusu mtu mmoja: kiongozi mpya wa nchi aliyechaguliwa wakati mambo ni magumu, na mzigo wa matumaini tuliomtwisha. Tumezifupisha na kuacha majina. Majibu yanafaa popote penye uchaguzi, mkuu wenu awe rais au waziri mkuu. Mifano tumeitoa katika nchi ambazo matokeo yake yameshaonekana, kwa kuwa ya kesho hatuyajui.

Nimpe muda gani kabla ya kuanza kumlaumu? Jirani yangu anasema siku mia. Mimi naona hata mwaka hautoshi.

Wote wawili mna haki, ila mnapima vitu tofauti kwa saa moja. Serikalini kuna saa kadhaa, na kila moja ina mwendo wake.

Kuna saa ya kalamu. Hii hupima mambo yaliyo mikononi mwake mwenyewe: kuteua na kutengua, kusimamisha manunuzi yenye harufu, kuweka wazi mikataba iliyofungiwa kabatini, kuelekeza wizara iache kutoza ada fulani. Hayo ni ya siku, yakizidi sana wiki. Nelson Mandela aliapishwa tarehe 10 Mei 1994, na tarehe 24 Mei alisimama bungeni akatangaza matibabu ya bure kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka sita. Wiki mbili. Kwa jambo la aina hiyo, ukisubiri miezi sita bila kuona kitu, nuna, una sababu.

Kuna saa ya bajeti, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Kiongozi anayeingia katikati ya mwaka wa fedha hurithi bajeti ya mwenzake. Anaweza kuhamisha fedha kidogo kutoka fungu hili kwenda lile, au kupeleka bungeni bajeti ya nyongeza, lakini fedha zilizo zake hasa ni za mwaka wa fedha unaofuata. Hata hizo hazitoki siku ya kwanza, kwani hazina hutoa kwa awamu kadiri kodi inavyoingia. Kwa hiyo hesabu miezi iliyobaki hadi mwaka mpya wa fedha, kisha ongeza mitatu hadi sita. Na usisahau kwamba sehemu kubwa ya bajeti yoyote imeshakuwa na mwenyewe kabla hajaigusa: mishahara, pensheni, riba za madeni. Anachoweza kukichezea ni kipande kilichobaki, na wakati wa dhiki kipande hicho ni chembamba.

Saa ya sheria ni ndefu zaidi: mswada uandikwe, usomwe, upite kwenye kamati, upigiwe kura, utiwe saini. Baada ya saini huja kanuni, na kanuni ndizo zinazosahaulika. Sheria inaweza kusema wazee watalipwa posho. Nani ni mzee, aombe wapi, kwa fomu gani, kuanzia lini, hayo yako kwenye kanuni. Sheria nyingi nzuri zimekaa miaka bila kumfikia mtu kwa sababu waziri hakuandika kanuni, na hakuna aliyemuuliza.

Halafu kuna saa ya wadai na saa ya uchumi wenyewe, ambazo tumezijibu chini.

Hizo siku mia zimetoka Marekani. Franklin Roosevelt aliapishwa 4 Machi 1933, benki zikiwa zinaanguka moja baada ya nyingine. Tarehe 6 Machi alizifunga zote, tarehe 9 Machi Bunge lilikaa kikao maalumu na kupitisha sheria ya benki siku hiyohiyo, na kikao kilipokwisha 16 Juni sheria kubwa zilikuwa zimepita kwa mfululizo. Wanaoipenda hadithi hiyo huruka mambo mawili. Bunge lilikuwa la chama chake. Na sheria ile ya siku moja haikuandikwa siku moja. Maofisa wa hazina wa serikali iliyotangulia, aliyoishinda kwenye uchaguzi, walisaidia kuiandaa. Mwulize jirani yako, basi, swali lenye faida zaidi: siku mkuu wetu alipoapa, ni miswada mingapi ilikuwa tayari mezani? Kama hakukuwa na hata mmoja, siku mia zitaishia kwenye semina elekezi.

Alisema bei zitashuka. Miezi mitano imepita, hazijashuka. Ametudanganya?

Huenda alisema vibaya, na nyinyi mkasikia vibaya. Kushuka kwa mfumuko wa bei si kushuka kwa bei. Chukua kitu cha 1,000. Mfumuko ukiwa asilimia 20, mwaka ukiisha kinauzwa 1,200. Kiongozi mpya akifanikiwa kuushusha hadi asilimia 5, mafanikio makubwa kabisa, mwaka unaofuata kitauzwa 1,260. Waziri wa fedha atasherehekea, nawe kaunta utatoa 60 zaidi. Wote wawili mnasema kweli. Nafuu yako itatoka kwenye kipato kitakachopanda kuliko hiyo asilimia 5, kwa hiyo swali la kumuuliza ni la mshahara, bei ya mazao ya mkulima na ajira. Bei ya 1,000 haitarudi.

Tazama Argentina. Javier Milei aliapishwa 10 Desemba 2023 na siku hiyohiyo aliwaambia watu kwamba fedha hakuna na hali itaharibika zaidi kabla ya kutengemaa. Siku chache baadaye peso ilishushwa thamani kutoka kama 366 hadi 800 kwa dola. Mwezi huo mmoja bei zilipanda kwa asilimia 25.5. Kufikia Novemba 2024 kasi ilikuwa asilimia 2.4 kwa mwezi. Katikati ya safari hiyo, nusu ya kwanza ya 2024, walio chini ya mstari wa umaskini walifika asilimia 52.9 ya watu, kisha nusu ya pili wakashuka hadi 38.1. Umpende usimpende, takwimu hizo zinafundisha kitu: dawa iliuma kwanza, na haikuwauma wote sawasawa. Mkuu yeyote anayefuata njia hiyo anapaswa kuonyesha mapema nani atakingwa, kwa mpango gani, kuanzia mwezi gani.

Anachoweza kukigusa haraka ni kodi na tozo. Bei ya mafuta, kwa mfano, ina vipande vinne: bei ya soko la dunia, usafirishaji na bima, kodi na tozo za serikali, na faida ya wauzaji. Cha kwanza hakimsikilizi mtu. Cha tatu ni chake, na anaweza kukipunguza ndani ya wiki. Akifanya hivyo, uliza pengo litazibwa na nini. Liz Truss wa Uingereza hakulijibu swali hilo: tarehe 23 Septemba 2022 serikali yake ilitangaza punguzo la kodi la kama pauni bilioni 45 bila kuonyesha fedha zitatoka wapi. Pauni ikaporomoka, riba za mikopo ya nyumba zikapanda, Benki Kuu ikalazimika kuingia sokoni kununua hatifungani (hati za deni ambazo serikali huuza ili kukopa), na tarehe 20 Oktoba akatangaza kujiuzulu. Aliyepunguziwa kodi kwa mkono mmoja alipandishiwa rejesho la nyumba kwa mkono mwingine.

Na akitokea wa kusema "nitaamuru wafanyabiashara washushe bei", hilo limeshajaribiwa. Zimbabwe, Juni 2007, bei ziliamriwa zikatwe nusu. Rafu za maduka zikabaki tupu, kwa kuwa hakuna anayeagiza mzigo ili auze kwa hasara.

Kwa nini asiseme tu deni la taifa hatulipi, halikukopwa na yeye?

Anaweza kusema. Deni ni la nchi, halimfuati aliyekopa, na siku atakayosema hivyo meli za dawa na mafuta zitadai kulipwa taslimu kabla ya kupakua. Njia inayobaki ni kukaa na wadai, nayo ni ndefu kuliko kampeni yoyote ilivyowahi kukiri.

Zambia iliacha kulipa Novemba 2020, iliposhindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Hakainde Hichilema alishinda uchaguzi na kuapishwa 24 Agosti 2021. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, dola bilioni 1.3, uliidhinishwa 31 Agosti 2022. Makubaliano na serikali zinazoidai, kuhusu dola bilioni 6.3, yalifikiwa Juni 2023. Wenye hatifungani walimalizana nayo Juni 2024. Hesabu mwenyewe: karibu miaka mitatu tangu kiapo, na muhula wa miaka mitano unakatika.

Inachelewa kwa sababu wadai ni wa makundi tofauti na kila kundi linaogopa kusamehe zaidi ya jirani. Serikali moja inasubiri nyingine, benki zinasubiri serikali, wenye hatifungani wanasubiri wote.

Lakini angalia alichofanya wakati anasubiri. Bajeti ya 2022 iliondoa ada hadi sekondari, na mfuko wa maendeleo wa kila jimbo la uchaguzi ukatoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7. Kwa maneno mengine, deni si kisingizio cha kukaa mikono mifukoni. Mkuu wenu akiwaambia kila mara "tunashughulikia madeni kwanza", mwulizeni anahamisha nini ndani ya bajeti iliyopo.

Vijana wetu wanataka kazi, si hotuba. Tutarajie lini?

Ajira huja mwisho wa msafara. Mwajiri aliyeumia hurudisha kwanza saa za ziada, kisha vibarua, na akihakikisha soko limeshika ndipo anaandika mkataba. Barack Obama aliapishwa Januari 2009, wasio na kazi Marekani wakiwa asilimia 7.8. Alisaini mpango mkubwa wa kuinua uchumi 17 Februari, wa dola bilioni 787. Oktoba mwaka uleule wasio na kazi walikuwa asilimia 10. Wataalamu wake walikuwa wamechora grafu kabla ya kuapishwa ikionyesha kwamba mpango ukipita, namba haitavuka 8. Wapinzani wake waliibeba grafu hiyo kila kona, na wachumi bado wanabishana kama ukosefu wa ajira ungefika wapi bila mpango. Ndiyo hasara ya kuahidi namba usiyoidhibiti.

Kazi za haraka anazoweza kuzitoa mwenyewe ni za umma, na mfano bora bado ni ule wa Roosevelt. Sheria ya vikosi vya vijana vya kupanda miti na kuzuia mmomonyoko ilisainiwa 31 Machi 1933. Kambi ya kwanza ilifunguliwa 17 Aprili. Mwanzoni mwa Julai vijana zaidi ya 250,000 walikuwa kambini. Kila mmoja alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida 25 kati ya hizo zilipelekwa moja kwa moja kwa familia yake nyumbani.

Mwendo ule uliwezekana kwa sababu hawakuunda chombo kipya cha kufanya kila kitu. Wizara ya kazi iliandikisha, jeshi likasafirisha na kuendesha kambi, idara za misitu na mbuga zikatoa kazi yenyewe. Mipango mingi ya ajira za vijana hukwama papo hapo: huanza kwa kuunda mamlaka mpya, mamlaka inatafuta jengo, jengo linatafuta samani, na mwaka unaisha kijana hajashika jembe. Kiongozi wenu akitangaza mpango wa namna hii, sikiliza neno moja: ni ofisi ipi iliyopo tayari itakayoandikisha?

Tuseme kweli pia: vikosi vile havikumaliza ukosefu wa ajira, uliendelea muongo mzima. Viliwalisha watu wakati wengine wanahangaika na mengine.

Nataka kumwandikia kiongozi wetu barua ya matumaini yangu. Niandike nini ili isiishie kwenye kapu?

Swali hili tumelipenda kuliko yote, maana lina jibu la kushika mkononi.

Anza kwa kujua nani anaifungua. Si yeye. Ni mtu wa masijala ambaye mbele yake kuna rundo, na swali lake la kwanza ni moja tu: niipeleke wizara gani? Barua isiyojibu swali hilo ndani ya mistari mitatu huwekwa kwenye jalada la maoni ya wananchi na kujibiwa kwa barua iliyochapwa zamani. Mfano wa inayokwenda huko:

"Mheshimiwa, tunakupongeza kwa ushindi wa kishindo. Tunaomba uboreshe huduma za afya, barabara na elimu, wananchi tunateseka sana."

Na mfano wa inayotembea:

"Zahanati yetu ina chumba cha kujifungulia lakini haina mkunga wa zamu ya usiku tangu Februari, aliyekuwapo alipostaafu. Tunaomba Wizara ya Afya iijaze nafasi hiyo moja katika ajira za mwaka wa fedha ujao. Tumeambatisha nakala ya barua tuliyomwandikia mganga mkuu wa wilaya tarehe 3 Aprili, ambayo haijajibiwa."

Hii ya pili imetaja mahali, upungufu mmoja, tangu lini, wizara gani, fungu gani (ajira), mwaka gani, na kwamba mlango wa chini ulishabishwa. Mtu wa masijala hana la kufikiri: anaandika "Afya, kwa hatua" pembeni na kuipeleka. Kipengele cha mwisho ndicho kizito zaidi. Bila ushahidi kwamba ulianzia chini, jibu litakuwa "wasiliana na ofisi ya wilaya", nawe utakuwa umepoteza miezi miwili kurudi ulikotoka.

Sasa utaratibu. Ukurasa mmoja, ombi moja. Ukiwa na maombi matatu andika barua tatu, kwa kuwa barua moja ina jalada moja, na la pili na la tatu hufa humo. Pongezi sentensi moja inatosha. Weka jina, anwani na simu vinavyosomeka. Kama mnasaini kundi, saini 40 zenye majina na vijiji zina nguvu kuliko 400 za mikwaruzo, maana zile 400 mtu wa kwanza kuzitilia shaka ni huyohuyo wa masijala. Ambatisha nakala tu. Cheti au hati halisi ikipotelea serikalini, kuitafuta ni kazi ya pili. Nakala nyingine iende kwa mbunge na kwa katibu mkuu wa wizara, na chini ya barua iandikwe wazi kwamba wamepewa. Kila mmoja akijua mwenzake anayo, ni vigumu zaidi kuilalia.

Ukiipeleka kwa mkono, nenda na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukituma kwa njia nyingine, omba namba ya kumbukumbu. Baada ya siku 30 andika tena, mistari minne, ukitaja namba hiyo. Barua ya kufuatilia mara nyingi ndiyo inayojibiwa, kwa sababu sasa kuna mtu atakayeulizwa.

Wakati nao una lake. Makadirio ya bajeti huanza kukusanywa wizarani miezi mingi kabla ya hotuba bungeni. Wiki ya hotuba vitabu vimeshachapwa, na ombi jipya litasubiri mwaka mzima. Tafuta tarehe ambayo hazina hutoa mwongozo wa bajeti kwa wizara, kisha barua yako ifike kabla au ndani ya mwezi huo.

Sisi ni kikundi cha watu kumi. Tunataka kuhesabu ahadi zake. Tuanzeje?

Daftari la mistari na kalamu vinatosha. Chagueni ahadi 12, zisizidi 15, zinazowagusa. Wanaoanza na 200 huchoka mwezi wa pili. Kila ahadi iandikwe kwa maneno yake mwenyewe na tarehe aliyoyasema. Mkiifupisha mtabishana baadaye. Pembeni andikeni inahitaji chombo gani (amri, bajeti, sheria au mkopo), wizara inayohusika, na tarehe ya kwanza ambayo kwa haki kitu kingeweza kuonekana. Jibu la swali letu la kwanza litawasaidia kuipata.

Safu ya mwisho ni ya hali, na hapo msiandike "imetimia" au "haijatimia". Tumieni ngazi tano: haijaanza, imetangazwa, imetengewa fedha, fedha zimetoka, inaonekana kwa macho. Kosa kubwa kuliko yote ni kuhesabu ngazi ya pili kama ya tano. Bajeti inaweza kutenga 100 kwa visima, hazina ikatoa 60, halmashauri ikatumia 45 na kisima kikabaki shimo. Kila takwimu hapo ni sahihi, na kila mwanasiasa atachagua inayompendeza. Fedha zilizotoka mtazikuta kwenye taarifa za utekelezaji za hazina, na zilizotumika vibaya kwenye ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ambayo huchelewa kutoka. Cha macho nendeni mkakione.

Hata ahadi iliyotimia inaacha mstari wa kuandika. Mwai Kibaki aliapishwa Kenya 30 Desemba 2002, na Januari 2003 ada za shule za msingi za serikali zikafutwa. Haraka iliyoje. Wanafunzi walitoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na madarasa na walimu walikuwa walewale. Daftari zuri lingekuwa na mistari miwili: "Kufuta ada: inaonekana kwa macho" na "Kupunguza wanafunzi kwa kila mwalimu: haijaanza".

Na katika hao kumi, wawepo wawili ambao hawakumpigia kura. La sivyo mtakuwa kamati ya shangwe, au ya matanga kama wote mlimkataa.

Ameanza kwa kukamata mafisadi. Ni dalili njema?

Kukamata ni picha. Subiri kuona kama mashtaka yamefika mahakamani, kama waliokamatwa wanatoka upande mmoja tu, na kama mlango waliopitia umefungwa. Hilo la tatu ndilo kipimo. Kama zabuni bado zinatolewa kwa siri kama zamani, wezi wamebadilishwa tu.

Ameahidi mikopo ya riba nafuu. Nimesimamisha kupanua biashara nikiisubiri. Nimefanya vizuri?

Hapana, ndugu yetu, kama biashara yenyewe ingeweza kusonga bila huo mkopo. Kati ya ahadi na fedha kwenye akaunti kuna kanuni, benki zitakazoteuliwa, masharti na foleni. Mradi wa hivi ukifika, mara nyingi hutaka mambo yaleyale: usajili, hesabu za mwaka au miwili iliyopita, namba ya mlipakodi, akaunti inayotembea. Zitengeneze hizo sasa. Hazigharimu sana na zitakufaa hata mkopo usipokuja. Usikope kwa riba kubwa leo ukitegemea kuja kulipa kwa ile nafuu, kwani mipango mingi ya serikali hukataa kulipia deni la zamani. Na mtu yeyote anayetaka ada ya kukuandikisha mapema kabla tangazo halijatoka kwenye gazeti la serikali, huyo ni tapeli.

Mimi sina orodha. Natamani tu awe anatuambia ukweli. Hili ni tumaini la kitoto?

Si la kitoto, na linapimika kama mengine. Je, alitangaza hali halisi ya hazina aliyoikuta, kwa namba, ndani ya miezi ya mwanzo? Anapotaja mradi, anataja tarehe na gharama, au anasema "hivi karibuni"? Tarehe ikipita, anaisema mwenyewe au tunasubiri wapinzani waiseme? Na akieleza jambo gumu, mtu asiyesoma uchumi anaelewa?

Hilo la mwisho lina mfano. Jumapili usiku, 12 Machi 1933, benki zote za Marekani zikiwa zimefungwa, Roosevelt alizungumza redioni kwa chini ya robo saa. Alianza kwa kueleza benki inavyofanya kazi: kwamba fedha unayoweka haikai kwenye sanduku ikikusubiri, inakopeshwa, na ndiyo maana wote mkiifuata siku moja haipo hata kama benki ni nzima. Akaeleza benki zipi zingefunguliwa kesho yake, zipi siku zinazofuata, na kwa nini zisifunguliwe zote pamoja. Kisha akasema jambo ambalo washauri wengi wa leo wangelifuta kwenye hotuba: kwamba haahidi kila benki itafunguliwa, wala kwamba hakuna atakayepoteza.

Jumatatu asubuhi foleni zilirudi kwenye milango ya benki. Safari hii wengi walikuwa wameshika fedha za kuweka.